Mwongozo wa Kumpata Muuzaji wa Kuaminika wa Vipuri vya Magari ya Zamani

Mtu anayefufua gari la zamani aghalabu hutumia muda mrefu zaidi kutafuta vipuri kuliko kuvifunga. Kazi ya kuchomelea, kunyoosha bati na kupaka rangi ikiharibika, kosa huonekana kwa macho na fundi huitwa arudie. Kipuri kibaya hakina adabu hiyo: huja katika boksi safi, kina namba sahihi na rangi inayong'aa, na ubaya wake hujitokeza gari likiwa limekwisha kufungwa, pengine likiwa barabarani. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya maduka. Unaanza na gari lenyewe, kisha unakwenda kwa kipuri, na mwisho ndipo unamfikia muuzaji, kwa kuwa uaminifu wa muuzaji hupimwa kwa kipuri kimoja kimoja. Muuzaji yuleyule anayekupa gasketi bora kuliko zote sokoni anaweza kukuuzia madigadi ambayo haitakaa mahali pake hata ikigongwa nyundo mchana kutwa.

Hatua ya 1: Litambue gari kabla ya kumtafuta muuzaji

Safisha na unakili namba zote zilizogongwa kwenye chuma: namba ya chesisi, ya injini, ya gia boksi, ya difu, na ya bodi ikiwa ipo. Zipige picha pia, kwa sababu tarakimu iliyoliwa na kutu husomwa kwa namna mbili na watu wawili. Namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 ilianza kutumika kwa lazima nchini Marekani kwa magari ya mwaka wa modeli wa 1981. Magari yaliyotangulia yana namba fupi ambazo kila kiwanda kilizipanga kwa mtindo wake, kwa hiyo zile tovuti zinazokutaka ujaze tarakimu 17 ndipo zikuonyeshe vipuri hazitakufaa kitu, nawe utalazimika kurudi kwenye kitabu cha vipuri kilichotolewa na kiwanda. Kitabu hicho ndicho chombo cha kwanza cha kununua, kabla ya spana.

Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Mara nyingi huo ni mwaka wa kusajiliwa, na gari linaweza kuwa lilikaa kwa muuzaji miezi mingi kabla ya kupata mteja. Tena viwanda vingi havikubadilisha modeli mwezi Januari. Volkswagen, kwa mfano, ilianza mwaka wake wa modeli mwezi Agosti, hivyo Beetle iliyotoka kiwandani Septemba 1966 ni ya modeli ya 1967. Na ikiwa ilipelekwa Marekani, ina umeme wa volti 12, ilhali ndugu yake wa miezi michache nyuma ana volti 6. Ukiagiza stata au balbu kwa kutaja "Beetle ya 1966" peke yake, umecheza bahati nasibu. MGB nayo, gari dogo la michezo la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ilitoka na injini yenye beringi kuu 3 za krankshafti, na mwaka 1964 ikapewa injini yenye beringi 5. Kwa nje injini hizo zinafanana, lakini ndani krankshafti na beringi zake haziingiliani.

Kwa magari kadhaa ya Uingereza, Makumbusho ya British Motor Museum yaliyopo Gaydon hutoa hati inayonakiliwa kutoka katika kumbukumbu za kiwanda, ikionyesha tarehe ya kutengenezwa, namba ya injini ya asili, rangi, na soko ambalo gari lilikusudiwa. Hati ya namna hiyo ina faida isiyosemwa sana: hukuonyesha kama injini iliyomo sasa ndiyo ile iliyozaliwa na gari. Ikiwa siyo, utanunua vipuri vya injini kwa kufuata namba ya injini uliyonayo, na vya bodi kwa kufuata namba ya chesisi, na kila barua utakayomwandikia muuzaji itataja zote mbili. Magari yaliyokaa mikononi mwa watu miaka 50 ni machache sana ambayo hayakuazima kiungo kutoka gari jingine, na wenye gari wengi huligundua hilo baada ya kununua kipuri mara mbili.

Jifunze pia kusoma namba za vipuri vya kiwanda chako. Ford ya Marekani ilikuwa na utaratibu ulio wazi: katika namba inayoanza na C5ZZ, herufi C ni muongo wa 1960, tarakimu 5 ni mwaka 1965, na Z ya kwanza ni alama ya Mustang. Mwaka huo ni wa kubuniwa kwa kipuri. Si lazima uwe mwaka wa gari, kwa kuwa kipuri kimoja kiliweza kuendelea kutumika kwa miaka kadhaa. Kumbuka vilevile kwamba viwanda hufuta namba ya zamani na kuweka mpya pale kipuri kinapoboreshwa. Muuzaji anayejua kazi yake atakuambia namba yako imerithiwa na ipi, na mabadiliko yalikuwa nini. Asiyejua atakuambia kipuri hakipo.

Hatua ya 2: Tenga vipuri vinavyohitaji mtaalamu na visivyohitaji

Hapa fedha nyingi hupotea bure. Si kila kitu kilichomo ndani ya gari la zamani ni cha zamani. Beringi za gololi, kwa mfano, zina vipimo vya kimataifa: beringi yenye namba 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14, iwe imo ndani ya dinamo ya gari la 1955 au ndani ya mota ya mashine ya kufulia. Futa grisi, soma namba iliyochongwa pembeni mwa ringi, kisha inunue kwa muuzaji wa beringi wa kawaida anayeuza chapa zinazojulikana kama SKF, FAG au NSK. Oili sili nyingi nazo hupatikana kwa vipimo vitatu tu: shafti, tundu na unene. Muuzaji wa vipuri vya magari ya zamani hununua palepale, hubadilisha boksi, na hukutoza kwa ajili ya boksi.

Vilevile, watengenezaji wa magari machache walizoea kuchukua vipuri kwa watengenezaji wakubwa. Vitasa vya milango vya Lotus Esprit za mwanzo ni vya Morris Marina, gari la kawaida kabisa la familia. Anayetafuta kitasa cha Lotus hukutana na bei ya Lotus. Anayejua asili yake hutafuta kitasa cha Marina.

Baada ya kutenga hivyo, utabaki na makundi matatu yanayohitaji muuzaji maalumu: vipuri vya usalama kama breki na usukani, vipuri vya bodi na mapambo, na vile vya ndani ya injini na gia. Yaandikie makundi hayo orodha tofauti, kwa sababu, kama utakavyoona, aghalabu hutampata mtu mmoja wa kuyatosheleza yote.

Hatua ya 3: Fahamu aina za vipuri na udhaifu wa kila aina

Neno "jenuini" limechoka kwa kutumiwa ovyo. Mwulize muuzaji kipuri chake ni cha aina ipi kati ya hizi zifuatazo, na usikubali jibu la mkato.

Ipo akiba ya zamani, yaani vipuri vilivyotengenezwa na kiwanda enzi hizo na kubaki stoo bila kutumika. Kwa chuma, kioo, gia, vitasa na taa, akiba hii ndiyo bora kuliko zote, na ukiipata usisite. Kwa mpira ni kinyume chake. Oili sili, raba za masta silinda, hosi paipu na mikanda iliyokaa ndani ya boksi tangu 1972 imezeeka sawasawa na ile iliyokuwa ndani ya gari, hata kama boksi halijafunguliwa. Masta silinda ya akiba ya zamani ichukuliwe kuwa ni kasha zuri la chuma linalohitaji raba mpya. Tairi nalo ni hivyohivyo: tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na kabla ya hapo zilikuwa tatu, kwa hiyo tairi lenye tarakimu tatu halifai kwenda barabarani hata kama vinyweleo vyake vya kiwandani bado vimesimama.

Hatari nyingine ya akiba ya zamani ni asbesto, iliyotumika katika pedi za breki, sahani za klachi na gasketi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kufikia mwaka 2005, na Australia tangu mwisho wa 2003, na forodha ya Australia imewahi kuzuia hata magari mazima ya zamani kwa sababu ya gasketi na breki zake. Muuzaji anayekupelekea sahani ya klachi ya 1965 bila kukutahadharisha kuhusu vumbi lake hajali mapafu yako, na huenda hajali mengine pia.

Aina ya pili ni vipuri vinavyotolewa upya na kiwanda chenyewe au kwa idhini yake. Aina ya tatu ni nakala, yaani vipuri vinavyotengenezwa na viwanda vingine kwa kuiga sampuli. Huku ndiko kwenye dhahabu na takataka kwa pamoja. Nakala za bati hutofautiana unene, na matundu ya bolti huwa yamesogea. Nakala za krom huwa zimeruka tabaka za chini, kwa kuwa krom nzuri hukaa juu ya nikeli, na mara nyingi shaba chini yake, na fundi anayetaka kubana gharama hupunguza pale ambapo jicho halifiki. Kondensa na rota za distributa ni mfano mbaya kuliko yote: wenye magari ya zamani wengi wamekwama njiani kwa kondensa iliyofungwa mpya juma lilelile. Binafsi, kwa vitu vya umeme wa injini, kabureta na geji za dashibodi, ningependelea kipuri cha asili kilichokarabatiwa na fundi stadi kuliko nakala mpya ya asiyejulikana.

Aina ya nne ndiyo hiyo ya vipuri vilivyokarabatiwa. Wauzaji wengi wa aina hii hukutaka urudishe kipuri chako kibovu, na hutoza amana inayorejeshwa kitakapofika. Kabla ya kukubali, jiulize kama kipuri chako chakavu ndicho cha asili chenye tarehe inayolingana na gari. Vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas ya Uingereza, kwa mfano, vimegongwa mwezi na mwaka. Ukibadilishana, tarehe hiyo imekwenda na hutaiona tena. Mwombe akarabati chako badala ya kukupa cha mwingine, hata kama utasubiri.

Ya tano ni mtumba kutoka magari yaliyokatwa. Kwa vioo, bawaba, reli za viti, vifungo vidogo vya mapambo na paneli ambazo hazijawahi kunakiliwa, mtumba hauna mshindani. Kwa breki na usukani, uache, isipokuwa kama unanunua kasha la kukarabati.

Hatua ya 4: Tafuta katika mahali panapostahili

Anza na kiwanda, kwa sababu viwanda kadhaa vimerudi kwenye magari yao ya zamani. Mercedes-Benz ilianzisha kituo chake cha magari ya zamani mjini Fellbach, Ujerumani, mwaka 1993. Nissan, kupitia tawi lake la NISMO, ilianza mwaka 2017 kutoa upya vipuri vya Skyline GT-R ya R32. Toyota ilianza mradi wa namna hiyo mwaka 2020 kwa Supra za A70 na A80, na baadaye ikaongeza Land Cruiser za mfululizo wa 40. Porsche ilitangaza mwaka 2018 kwamba inachapa vipuri adimu kwa mashine za pande tatu, kikiwemo kiwiko cha klachi cha modeli ya 959, gari ambalo lilitengenezwa kwa idadi ya mamia tu. Nchini Uingereza, British Motor Heritage, iliyoanzishwa mwaka 1975, hufyatua paneli na bodi nzima kwa kutumia mitambo ya asili. Neno "mitambo ya asili" ndilo la kuliwinda katika maelezo ya paneli yoyote, kwani paneli iliyofyatuliwa kwa umbo lilelile la kiwandani hukaa vizuri zaidi kuliko iliyopimwa kutoka kwenye gari lililokwisha kupinda.

Baada ya kiwanda nenda kwa wauzaji wanaoshughulikia chapa moja au mbili tu. Muuzaji mwenye chapa 40 ni karani wa stoo. Mwenye chapa moja kwa kawaida ana gari hilo nyumbani kwake.

Chanzo cha tatu, ambacho kwangu mimi ndicho cha maana kupita vyote, ni chama cha wenye gari la aina yako. Uulizaji, hata hivyo, una mbinu yake. Ukiuliza "muuzaji gani ni mzuri?" utapewa majina kumi, na kila jina litakuwa na mtetezi na adui. Uliza hivi: "Ni nani aliyefunga madigadi ya mbele ya kushoto ndani ya mwaka mmoja uliopita, aliinunua wapi, na ilihitaji kukatwa kiasi gani ndipo ikae?" Swali la namna hiyo hujibiwa na mtu aliyefanya kazi, na wale wanaopenda tu kuzungumza hukaa kimya. Zingatia muda pia, kwa maana muuzaji hubadilisha kiwanda kinachomtengenezea bila kutangaza, na sifa ya miaka sita iliyopita huenda ni ya kipuri ambacho hakipo tena.

Yapo pia masoko ya wazi ya vipuri. La Beaulieu, kusini mwa Uingereza, lilianza mwaka 1967 na hufanyika mwezi Septemba. La Hershey, Pennsylvania, huandaliwa kila Oktoba na AACA, chama cha wenye magari ya zamani cha Marekani kilichoundwa mwaka 1935. Anayekwenda huko aende na kalipa ya kupimia, sumaku, tochi, picha za kipuri chake, na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Sumaku itakuonyesha chuma kilichojazwa plasta, na kalipa itakuepusha na "kinafanana sana". Katika masoko hayo hakuna kurudisha, kwa hiyo usinunue kitu ambacho ubora wake umefichika ndani.

Hatua ya 5: Mpime muuzaji kwa maswali

Hii ndiyo hatua inayotenganisha wauzaji, na haigharimu chochote isipokuwa subira. Mwandikie muuzaji barua fupi yenye namba ya chesisi, namba ya injini, namba ya kipuri kutoka kwenye kitabu, na picha ya kipuri chako cha zamani kikiwa pembeni mwa rula. Kisha mwulize mambo haya: kipuri chako kimetengenezwa na nani na katika nchi gani, ni cha aina ipi kati ya zile tulizozitaja, kimetofautianaje na cha asili, je, unaweza kunitumia picha ya kipuri chenyewe kilichopo rafuni, wala si ya katalogi, na kisipokaa, nina siku ngapi za kukirudisha na nani atalipia usafiri.

Soma jibu lake kwa makini, lakini soma kwa makini zaidi maswali anayokuuliza yeye. Muuzaji anayefahamu gari lako hatakubali kuuza kabla ya kujua kitu ambacho wewe hukukitaja: ekseli yako ni ya rimu za spoku au za bati, gari lina usukani wa upande gani, breki za mbele ni za diski au za ngoma, kabureta ni za kampuni gani. Atakuambia "usinunue hiki, kile chako kinaweza kukarabatiwa." Atakuambia "paneli hii hukaa vizuri, lakini ukingo wa chini huhitaji kupunguzwa kidogo." Mtu aliyekuambia kasoro ya bidhaa yake kabla ya kupokea hela yako ametumika kwako kama shahidi, na ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko nyota tano za wateja mia moja waliofungua boksi tu wasifunge kipuri.

Dalili za kukimbia zinajulikana, ingawa watu huzipuuza wakishapatwa na hamu. Kila unachokiuliza kipo, hata kile ambacho chama kizima hakijakiona kwa miaka 20. Picha ni ileile iliyo kwa wauzaji wengine watano. Bei ni ya chini mno, na hapohapo unaambiwa kuna mteja mwingine anakuja kesho. Malipo yanatakiwa kwa njia isiyorejesheka, kwa kisingizio cha kuokoa makato. Huyo anauza mbuzi kwenye gunia, na huenda mbuzi mwenyewe hayumo.

Jambo moja huwashangaza wageni wa kazi hii: wauzaji wengi, wenye majina tofauti na mabei tofauti, huuza nakala iliyotoka kiwanda kimoja. Ukilinganisha picha utaiona alama ileile ya kalibu, au tundu lilelile lililokosewa. Panapokuwa na hali hiyo, unacholipia kwa muuzaji wa bei ya juu ni ukaguzi wake na wepesi wake wa kupokea kilichorudishwa. Ikiwa hakagui na hapokei, nunua kwa yule wa bei ya chini bila aibu.

Hatua ya 6: Agiza kidogo kwanza

Usiagize bodi nzima kwa mtu uliyemjua jana. Chagua vipuri vitatu au vinne vya gharama ndogo lakini vyenye uwezo wa kufichua tabia: mpira wa mlango, gasketi ya kava ya valvu, hosi paipu ya petroli, na kipande kidogo cha krom. Kwa hosi paipu ya petroli, taja kiwango unachokitaka, kwa mfano SAE J30 R9, kwa kuwa petroli ya siku hizi mara nyingi imechanganywa na ethanoli inayokula mpira wa zamani. Kisha uone kama kitakachokuja kimepigwa chapa hiyo. Angalia boksi limefungwaje, kipuri kimewekewa lebo yenye namba au kimetupwa tu ndani ya mfuko, na risiti imeeleza nini.

Baadaye rudisha kimoja, hata kama kosa ni dogo. Najua watu wataniona mchokozi, lakini hakuna njia nyingine ya kujua muuzaji anavyokuwa baada ya kupokea fedha, na ni heri kulijua hilo kwa kipande cha mpira kuliko kwa gia boksi.

Hatua ya 7: Malipo na usafirishaji

Lipa kwa njia inayokupa haki ya kudai fedha zako, kama vile kadi ya benki au huduma yenye ulinzi wa mnunuzi. Omba ankara iliyoandika jina la kipuri, namba yake, thamani na nchi kilikotengenezwa, kwa sababu forodha itaihitaji. Vipuri vingi vya magari huingia katika kifungu 8708 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ilhali vya ndani ya injini na matairi vina vifungu vyao. Elewaneni kwa maandishi ni nani anayelipa ushuru na ni nani anayebeba hasara kitu kikivunjika njiani. Vioo na paneli ndefu ziombewe kreti ya mbao.

Hatua ya 8: Kagua na ujaribishe siku ileile

Kosa langu mwenyewe limo hapa. Niliwahi kununua seti kamili ya mipira ya milango nikaiweka rafuni nikisubiri gari lipakwe rangi, na rangi ikachelewa miezi minane. Siku ya kuifunga, milango haikukubali kufunga: umbo la mpira lilikuwa la modeli iliyofuata, nene kwa milimita chache. Muuzaji alijibu kwa upole kwamba siku 30 za kurudisha zilikuwa zimekwisha zamani, na hakuwa amekosea. Ufufuaji wa gari huchukua miaka, ilhali dhamana za wauzaji huhesabiwa kwa siku, na wanunuzi wa bidhaa kwa njia ya mbali katika Umoja wa Ulaya kwa kawaida wana siku 14 tu za kubadili nia. Kwa hiyo kila kipuri kijaribishwe kinapofika, hata kama gari ni mifupa mitupu. Kipande kidogo cha mpira kinabandikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi na mlango unafungwa. Madigadi inashikizwa kwa bolti nne kabla ya kuchomelewa wala kupigwa rangi, kwani paneli iliyoguswa na rangi hairudishwi. Masta silinda inafunguliwa na tundu lake linapimwa.

Kwa vipuri vya breki, hakiki uzi wa nati kwa geji ya uzi, usiuamini mkono. Nati ya bomba la breki ya 3/8 UNF, yaani ya nyuzi nyembamba za mfumo wa inchi, ina kipenyo cha milimita 9.5 na nyuzi 24 kwa inchi. Tundu la M10 lenye hatua ya milimita 1 litaipokea, litaishika kidogo, na litakudanganya kwamba imekaza, hadi siku utakapokanyaga breki kwa nguvu nayo ing'oke. Nyuzi za Whitworth, mfumo wa zamani wa Uingereza, nazo zimechongwa kwa pembe ya digrii 55, ilhali za UNF na za metriki ni digrii 60, na magari ya Uingereza ya miaka ya 1950 yanaweza kuwa na zaidi ya familia moja ya nyuzi katika gari moja.

Andika daftari: jina la muuzaji, tarehe, namba ya kipuri, alama zilizomo juu yake, kilikaaje, na ulilazimika kukirekebisha kiasi gani. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na muuzaji wa gasketi, wa bati, wa umeme, na wa mapambo, na wachache watakaojitokeza katika safu mbili.

Hatua ya 9: Kipuri kinapokosekana kabisa

Yapo mambo ambayo hakuna rafu itakayokuwa nayo. Hapo muuzaji wako huwa ni mtengenezaji: fundi mashine wa kuchonga bushi, mtu wa kalibu, au karakana ya kuchapa kwa pande tatu. Muulize kwanza aliwahi kutengeneza nini kinachofanana, na uone kazi hiyo kwa macho. Mpe mchoro wenye vipimo, aina ya chuma, na kiasi cha hitilafu kinachovumilika. Usimpe sampuli iliyochakaa peke yake, kwa maana atanakili na uchakavu wake. Mwombe atengeneze kimoja cha majaribio kabla ya idadi kamili. Ikiwa kalibu ni ghali kwa mtu mmoja, peleka pendekezo kwenye chama, kwa kuwa wanachama 20 wanaohitaji kipuri kimoja hugawana gharama ambayo mmoja asingeiweza, na mtengenezaji huwa makini zaidi akijua kazi yake itaonwa na watu 20.

Sampuli ya asili irudishwe kwako. Ifunge kwa karatasi yenye mafuta, iandikie lebo, na uiweke pamoja na vipuri vyote vya zamani ulivyovitoa, vibovu kwa vizima, hadi gari liwe limetembea kilomita elfu kadhaa na kila kilichonunuliwa kiwe kimejithibitisha.